Msiba Tuliouazima

Mimi niliingia kwenye mafunzo ya wasindikizaji kwa sababu ya mdomo wangu. Wenzangu walichaguliwa kwa huruma, kwa utulivu, kwa kuaminiwa na padre. Mimi nilichaguliwa kwa kuwa nilimgombeza karani wa hospitali mbele ya watu wote, mwanangu mgongoni akinisaidia kwa kulia.

Binti wa kazi wa jirani yangu, pale kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga, alikuwa amebakwa akitoka bombani. Mwajiri wake akaona aibu kuonekana naye, nikaenda naye mimi. Tulipofika dirishani karani hakuinua hata kichwa. Akauliza kwa sauti ya mtu anayeita abiria stendi, "Huyu ndiye wa kubakwa? Fomu ya polisi iko wapi?" Benchi zima likageuka. Hata waliokuja na malaria walipona kidogo ili wasikie. Basi nikamwambia yule karani maneno ambayo sekondari haikunifundisha. Kiswahili kiliponiishia nikahamia Kisukuma, na Kisukuma kina akiba. Mpaka leo sijutii neno hata moja.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mtu mzima, mtandio mweupe, miwani imefungwa kwa uzi, akinitazama kama mtu aliyelipa kiingilio. Nilipomaliza akaja, akamshika binti mkono, akaniambia mimi:

"Mwanangu, umesema ukasemeka. Na yeye amesema nini?"

Binti hakuwa amesema kitu. Hakuna aliyemwachia nafasi, si karani, si benchi.

Yule mama alikuwa mkunga mstaafu, mzaliwa wa pwani, aliyemfuata mume mfanyabiashara wa vitambaa hadi bara, mume akafa, yeye akabaki. Sisi tulimwita Mama Mkunga tu. Alikuwa ameelewana na padre mmoja wa upande wa Ushirombo kwamba padre atatoa ukumbi na yeye atafundisha wanawake kumsindikiza mtu aliyebakwa: nyumbani kwake, hospitali, polisi, mahakamani, mpaka mwisho. Mwislamu wa pwani katika ukumbi wa Wakatoliki, chini ya picha za watakatifu. Alisema watakatifu walikuwa wanafunzi wake watulivu kuliko sote.

"Utakuja?" aliniuliza siku ile ile.

"Nina mtoto ananyonya."

"Mlete. Mtapokezana kelele."

Mume wangu alipopata habari alifurahi kupita kiasi. "Wakikufundisha kunyamaza," alisema, "nitawapelekea kuku." Nilimfungia ufagio na mwiko akae navyo, nikapanda lori.

Tulikuwa wachache. Wawili ndio wanaohusika hapa. Wa kwanza alikuwa mke wa katekista wa pale pale Ushirombo, mwanamke mnene, mpole, mwenye machozi ya karibu sana. Wa pili alikuwa na kilabu cha pombe ya kienyeji kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, mwembamba, mwenye sauti ya kukwaruza, anayeweza kumtoa nje mlevi wa kilo tisini bila kuweka kata chini. Padre hakumpenda. Mama Mkunga alimng'ang'ania. "Kule machimboni," alisema, "wasichana wakiumizwa hawaendi kwa padre. Wanaenda kulia nyuma ya kilabu."

Mama Mkunga alifundisha kwa kuigiza. Alikaa kwenye kigoda, akajifunika kanga hadi kichwani, na hapo hapo akawa mtu mwingine: mabega yakashuka, mikono ikapotea, uso ukajifunga. Sisi tukaingia mmoja mmoja kama wasindikizaji.

Mke wa katekista aliingia akapiga goti kumsalimu, akamwona ule uso, akaangua kilio. Alilia hadi Mama Mkunga akaifunua kanga akamfuta nayo. "Mayu, mimi ndiye niliyeumizwa na mimi ndiye ninayebembeleza. Hii haki kweli?"

Mama wa kilabu aliingia akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Nitajie jina lake. Kuanzia leo hanywi kwangu."

"Haya, amekosa pombe," Mama Mkunga akajibu kutoka ndani ya kanga. "Mimi bado nimekaa hapa."

Nikaingia mimi. Nilimuuliza ni nani, ilikuwa wapi, saa ngapi, alivaa nini yule mshenzi, kaelekea wapi. Kanga ikajikunja zaidi. Kisha ikasema kwa sauti ndogo, "Afande, naomba nirudi nyumbani." Wenzangu walicheka mpaka mwanangu akaamka.

Alichotufundisha kilikuwa kifupi kukieleza na kigumu kukifanya. Msalimu. Kaa chini, usimsimamie. Mwambie wewe ni nani na kwamba huna haraka. Muulize anataka nini sasa hivi, si kesho. Kisha ngoja. Ukiulizwa jambo lake na mtu mwingine, usimjibie. Usimwahidi kwamba mtu atafungwa, maana hakimu si wewe. Nguo alizovaa zisifuliwe, na muuguzi amwone mapema. Na habari ni yake peke yake, usiipeleke hata kwenye sala za jumuiya.

Ili tujifunze kungoja alitugawia karanga. Tulikaa wawili wawili tukibangua. Mmoja alikuwa aliyeumizwa, mwingine msindikizaji, na msindikizaji hakuruhusiwa kusema mpaka mwenzake aanze. Wengine walibangua kama wanaosali. Mimi nilibangua kama ninayevunja mifupa ya mtu, maganda yakaruka hadi kwenye picha za watakatifu.

"Hizo karanga zimekukosea nini?" Mama Mkunga akauliza.

"Kwa nini sisi ndio tunaofundishwa kunyamaza," nilimuuliza, "na wanaobaka hakuna anayewafundisha kitu?"

Hakucheka. Alivua miwani akaifuta. "Swali lako ni la haki. Siku ukipata ukumbi wa kuwatosha, niite, nitakuja na fimbo. Leo nina nyinyi na karanga. Bangua."

Mafunzo yakiwa bado katikati, mama wa kilabu alikwenda kwake kutazama pombe yake, akarudi na lori la asubuhi, hajafunga hata kilemba. Akamwita Mama Mkunga pembeni, kisha wakatuita na sisi wawili.

Alikuwa na mpangaji kwenye chumba cha uani, binti aliyepika kwenye mgahawa wa wachimbaji, anayeelekea miaka kumi na minane. Mdogo wa mtu mwenye duara moja, yaani moja ya yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, alimvizia nyuma ya ghala la mgahawa akambaka. Binti alimwambia mama mwenye nyumba wake tu. Lakini yule mwanaume naye hakukaa bure. Aliona heri awahi. Ndugu zake walikwisha kutuma mtu kwa baba wa binti huko Ushetu, kwenye mashamba ya tumbaku, kusema kwamba vijana wawili wanapendana, aje na wazee wamalize mambo kiungwana. Baba alikuwa njiani wiki ile ile.

"Ameniambia neno moja," mama wa kilabu alisema. "Asipelekwe kwake. Basi. Akifumba macho analisema, akifumbua analisema. Asipelekwe kwa yule mtu."

Mama Mkunga alituchagua sisi watatu. Mama wa kilabu kwa kuwa ni kwake. Mke wa katekista kwa kuwa mbele ya uso ule mtu yeyote hupungua hofu. "Na wewe," akaniambia, "kwa kuwa umesoma, utajua polisi wanaandika nini. Halafu nataka nione kama karanga zangu hazikupotea bure." Yeye angetufuata baada ya kuwaweka sawa waliobaki. Sista muuguzi wa parokia angetangulia kesho yake na mkoba wake.

Sasa sikiliza ujinga tulioufanya, maana sidhani kama mahali pengine duniani watu wangeufanya.

Lori lilitushusha barabarani, tukashika njia ya miguu kupita katikati ya machimbo. Mke wa katekista alitangulia. Kichwani alikuwa na ungo wa unga uliofunikwa kitambaa, kwapani mzigo mdogo wa kuni, kanga ya pili ameifunga kiunoni, na usoni ule uso wake. Alikotoka yeye, mwanamke haingii nyumba yenye maumivu mikono mitupu. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwa yule mwanaume na nitamwambia nini nikikutana naye, sikuona kitu. Mama wa kilabu alikuwa amekazana kwenda. Hakuna kati yetu aliyekaa akafikiri jinsi tunavyoonekana: wanawake watatu, unga, kuni, saa za mchana, hawasalimii watu njiani.

Kisimani mwanamke mmoja alitutazama, akaweka ndoo chini, akajifunga kanga vizuri, akatufuata. Wa pili akamfuata wa kwanza. Muuza vitumbua alifunika kikaango chake. Tulipokaribia kilabu nilisikia nyuma yangu miguu mingi, nikageuka, nikaona msururu wa wanawake wameinamisha vichwa, na bibi kizee mmoja anavuta pumzi. Kisha akaiachia. Alikuwa na sauti, yule bibi. Kilio chake kilikwenda hadi mwisho wa machimbo kikarudi.

Kwenye shimo la karibu kikatokeza kichwa chenye tochi. "Nani kafa?"

Na pale machimboni mtu akifa hakuna anayeshuka duarani. Ni mwiko, mchanga unakasirika. Basi wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine, weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, kofia mikononi. Mitarimbo ikanyamaza. Machimbo mazima yalisimama kwa ajili ya ungo mmoja wa unga.

Uani kwa mama wa kilabu watu walijaa hadi ukutani. Kwenye chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la gunia, binti alikuwa amekaa na siri yake, na huku nje watu wameanza kuulizana. "Ni nani? Si yule mpishi? Mbona hajaonekana mgahawani tangu juzi?" Kila aliyeuliza alisogea hatua moja kwenye lile pazia.

Mama wa kilabu alipanda juu ya kreti.

"Ni huyu!" akasema, akimwonyesha mke wa katekista kidole. "Kafiwa na baba yake mdogo. Habari zimemkuta hapa hapa njiani. Mlitaka tumwache wapi?"

Macho yote yakamgeukia mke wa katekista. Mimi nilijua tumekwisha, maana yule mwanamke hakuwahi kusema uongo hata kwa muuza samaki. Akafungua mdomo kukanusha. Nikaona kabisa anataka kukanusha. Kisha nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu jikoni.

"Ni kweli," akasema, kwa mshangao. "Baba mdogo amekufa."

Na alikuwa amekufa. Alikufa misimu miwili ya mvua nyuma, upande wa Kibondo, barabara zimekatika, na mke wa katekista hakwenda kuzika. Alikuwa mjamzito, kisha akawa na mtoto mchanga, kisha kilimo kikaanza, na kile kilio hakikupata siku yake. Aliketi chini pale pale kwenye vumbi akakilia chote. Hakuna aliyekuwa na shaka. Hata mimi niliyejua nilijikuta nimeketi, nimemshika bega, kamasi zinanitoka kwa ajili ya mzee nisiyemjua.

Ndivyo tulivyopata msiba. Wanaume walitandaza maturubai, kuni zikaletwa, mbuzi akaletwa, kila mtu akapata kazi. Aliyepata hasara ni mama wa kilabu peke yake, maana pombe haiuzwi kwenye matanga. Mapipa yake mawili yalikuwa yamefikia utamu. Kila akipita karibu nami alininong'oneza, "Unasikia inavyochemka? Inaniita jina." Wachimbaji nao waliyatazama mapipa kwa majonzi ambayo baba mdogo hajawahi kuyapata.

Jioni alifika katekista mwenyewe kwa baiskeli, amevaa kanzu yake ya kuzikia. Akaelekea moja kwa moja kwa mkewe.

"Nimeambiwa umefiwa na baba mdogo. Yupi huyo?"

"Wa Kibondo."

"Wa Kibondo? Huyo si tulimwombea misa mwaka juzi..."

Mke wa katekista alimfinya mahali ambapo sikupaona, ila niliona matokeo yake. Katekista akanyoosha mgongo, akakohoa, akaanzisha rozari.

Mimi muda mwingi nilikuwa chumbani na binti. Niliingia nikamwambia mimi ni nani na kwamba sina haraka, nikakaa kwenye mkeka, mwanangu nikamlaza katikati. Binti aliketi kitandani amekumbatia magoti. Alikuwa na mikono ya mpishi, yenye alama za moto. Nje vilio vilikuwa vinapanda na kushuka.

"Nani kafa?" akauliza baadaye.

"Baba mdogo wa mtu."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Aliinua uso. "Mwaka juzi," akarudia, na midomo yake ikataka kufanya kitu, ikaghairi.

Nilimuuliza anataka nini sasa hivi. Akasema maji. Nikaleta. Nikangoja. Sitawaficha, kungoja kule kulinichoma kuliko uchungu wa kuzaa, maana nilikuwa na maswali yamejaa kinywani kama kokoto. Baadaye akasema anataka kulala, lakini mtu akae mlangoni. Nikakaa mlangoni. Kesho yake sista muuguzi alikuja na mkoba, akapita katikati ya waombolezaji akitikisa kichwa kwa huzuni, akaingia chumbani, akafanya kazi yake yote, akatoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza sista amefuata nini ndani. Sista kwenye msiba ni kama jiko kwenye msiba.

Siku hiyo hiyo na yule mwanaume alikuja kutoa pole. Ndiyo. Alikuja. Shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa, akapeana mikono na wazee, akaketi akapewa chai. Nilikuwa nimetoka nje kumpoza mtoto na nilimjua bila kuonyeshwa, maana mama wa kilabu alikuwa amekunja uso kama ngumi. Nilisimama. Sijui nilikuwa naenda kufanya nini, ila sufuria la chai lilikuwa karibu na lilikuwa linachemka. Mke wa katekista, akiwa katikati ya kilio, akalidaka pindo la kanga yangu akanivuta chini, na hakukatisha hata sauti moja ya kilio chake. Nilikaa. Nilimtazama mpaka chai ikampalia.

Baba wa binti alifika na wazee wawili, kila mmoja na baiskeli yake. Walikuja kuzungumza posa, wakakuta matanga. Hapo ndipo upumbavu wetu ulipogeuka mtaji. Kwa watu wa huku, neno la ndoa halitamkwi kwenye ua wenye msiba. Ilibidi wavue kofia, watoe pole, wakae na wanaume wengine, wale ubwabwa wa msiba na wangoje. Ndugu wa yule mwanaume walijaribu kuwavuta pembeni. Mzee mmoja aliwaangalia kama waliotaka kucheza ngoma kanisani. "Vijana, hamsikii watu wanalia?"

Mama Mkunga alifika kwa lori la Jumamosi. Alisimama kwenye lango la ua, akaona maturubai, mbuzi aliyechunwa, wachimbaji wamejipanga, mke wa katekista kwenye mkeka wa wafiwa anapepewa na wanawake wawili. Nikaenda kumweleza kwa kunong'ona. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakatikisika. Wanawake wakamwonea huruma. "Maskini," mmoja akasema, "alimpenda sana marehemu." Akashindwa kabisa kusimama, wakamketisha.

Alipopata nafasi ya kuongea alikuwa ameshakuwa mwalimu tena. Msiba ungeanuliwa kesho asubuhi, na baada ya hapo wazee wangesema walichokuja kusema. Aliingia kwa binti, akakaa chini, akamuuliza anataka nini.

"Nataka kusema na baba kabla ya wazee," binti akasema. "Mtu mmoja akae na mimi."

"Nani?"

Nilijua atasema Mama Mkunga, au mke wa katekista. Yeyote angesema hivyo.

"Dada huyu mwenye hasira."

Mama Mkunga akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Una hakika, mwanangu? Huyu ni moto wa petroli."

"Mimi sina nguvu ya kukasirika," binti akasema. "Yeye anayo. Akae nayo hapa pembeni yangu. Asiseme tu."

Baba aliitwa. Aliingia ameinama, mlango ulikuwa mfupi, akaketi kwenye kigoda. Alikuwa mtu mfupi, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuniangalia vizuri.

"Huyu nani?"

"Mgeni wangu, baba."

Akaanza. Watu wamekuja kwa heshima, alisema. Hawakukataa wala hawakukimbia. Wangapi siku hizi wanakuja kwa heshima? Kijijini watu wana midomo. Mama yako tangu apate habari hali chakula vizuri. Kama mlikuwa mnapendana mngesema mapema, mimi si mnyama, ningesikiliza.

Nilikuwa nimeuma shavu langu kwa ndani na nasikia ladha ya chumvi. Mwanangu alikuwa amekishika kidole changu na nadhani nilikuwa nakibana cha kwake.

"Baba," binti akasema. "Hatukuwa tunapendana."

"Nimeambiwa..."

"Alinikamata kwa nguvu. Nyuma ya ghala. Nilipiga kelele, mashine zilikuwa zinasaga mawe, hakuna aliyesikia. Sitaki kwenda kwake. Sitaki."

Baba alibaki ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Nje mtu alikuwa anakatakata kuni. Kisha akafanya kile Mama Mkunga alichotwambia kwamba wote hukifanya: akamwacha aliyesema, akamgeukia mtu mwingine.

"Wewe mama," akaniambia, "wewe unaonekana umesoma. Ni kweli haya?"

Mungu ananijua. Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nayo tangu kwenye lori, tangu kwenye dirisha la yule karani, labda tangu nizaliwe. Ingemtoa yule mzee chumbani kwa magoti.

"Muulize mwanao, baba," nikasema. "Yuko hapa."

Aligeuza kofia, akaigeuza tena. Halafu akamgeukia binti yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni kweli, mayu?"

Mtu wa huku akimwita bintiye mayu, mama, hapo kuna jambo.

"Ni kweli, baba."

Akasimama. Akasahau mlango ni mfupi, akajigonga, hakujishika hata kichwa. Tulimsikia akivuka ua hadi kwa wale wazee wake, tukasikia Kisukuma chake, hakikuwa kirefu. Alisema binti amekataa na yeye amekataa, na kwamba aliyemtumia habari zile amemdanganya mzazi. Ndugu wa yule mwanaume wakaanza kuinua sauti. Sauti moja ya kukwaruza ikawaambia kwamba ua ule una mwenyewe na una msiba, na anayetaka kelele akapigie duarani. Wakaondoka.

Msije mkadhani kila kitu kikanyooka. Yule mwanaume aliondoka machimboni siku ile ile, kabla hata ya kuanua matanga. Walisema kumetokea rashi mpya mahali, dhahabu imeonekana, watu wanakimbilia huko, naye akakimbilia huko. Polisi walimwandika, na mpaka ninapoandika haya hajashikwa. Anachimba mahali fulani kwa shati la pasi. Nikiwaza hivyo maziwa yananikauka, na hakuna karanga zitakazonisaidia.

Lakini jioni ile baba alirudi chumbani. Hakukaa kwenye kigoda. Alikaa chini kwenye mkeka, mgongo ukutani, akamtazama binti yake kama mtu aliyepewa mtoto wa kubeba na hajui aanzie wapi.

"Sasa unataka nini?" akamuuliza.

Nilimtazama Mama Mkunga aliyekuwa mlangoni. Mzee yule hakuwahi kuona ukumbi wetu hata kwa nje. Mama Mkunga akajiwekea kidole kimoja mdomoni, nikameza nilichotaka kusema.

"Kesho nataka twende kituoni," binti akasema. "Mimi na wewe, na huyu dada. Nitasema mwenyewe." Akashusha miguu kutoka kitandani. "Sasa hivi nataka kula."

Tangu siku ile ya ghala alikuwa amegusa uji tu. Nikakimbilia jikoni, nikamletea ugali na maharage kwenye sahani ya bati. Akanawa. Akakata tonge, akalifinyanga, akalitia mdomoni, akatafuna polepole. Sote watatu tulimtazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Akameza. Akanigeukia.

"Dada, huu ugali nani kausonga?"

"Mimi."

"Mbichi," akasema, akakata tonge la pili.